Bahari Haijaondoka, Imepwa Tu

Swali: "Mimi na mume wangu tunataka kwenda mji mdogo wa pwani kwa siku nne. Tutakuwa na watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 11, pamoja na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua. Tumevutiwa na picha za nyumba ya wageni: maji ya buluu yamefika mpaka kwenye ngazi. Lakini rafiki yangu alikwenda huko wakati wa mwezi mpevu, akashuka ufukweni saa nne asubuhi na kukuta bahari imeondoka. Ilikuwa mchanga, tope na majani mpaka upeo wa macho. Kesho yake saa nne, hivyo hivyo, akafunga mizigo akarudi. Anasema tunataka kutapeliwa. Mtoto mkubwa anaogelea vizuri kwenye bwawa la shule, kwa hiyo kwake sina hofu. Mdogo nitamnunulia boya la kupuliza. Mji wenyewe una zahanati moja. Je, tubadilishe mji au tubadilishe tarehe?"

Badilisheni tarehe. Mji uacheni ulivyo. Na uniwie radhi, dada yangu, kwa kuwa nitazipindua hofu zako: huyo wa miaka 11 usiyemhofia ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, na hilo boya la mdogo wake ningependa libaki dukani. Nitafika huko. Tuanze na rafiki yako, maana yeye hakusema uongo, na mwenye nyumba ya wageni naye hakusema uongo. Wametazama ufuko mmoja kwa saa mbalimbali.

Maji ya bahari hujaa na kupwa kwa sababu ya mvuto wa mwezi na wa jua. Jua ni kubwa mno lakini liko mbali, kwa hiyo nguvu yake juu ya maji haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Katika fukwe nyingi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika kama 12. Kwa kuwa mwezi nao unasogea huku dunia ikizunguka, saa za maji huchelewa kila siku kwa wastani wa dakika 50. Aliyeogelea leo saa mbili asubuhi maji yakiwa juu, baada ya siku nne atayakuta juu kwenye saa tano na dakika ishirini.

Jua na mwezi vinapovuta katika mstari mmoja, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiwa gizani, nguvu zake hujumlishana. Hayo ndiyo maji ya bamvua: hujaa sana, kisha hupwa sana. Kilele chake mara nyingi huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake, na tunapata maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana. Kutoka bamvua hadi bamvua ni wiki mbili hivi. Rafiki yako alikwenda mwezi mpevu, yaani kwenye bamvua, na akashuka saa ambayo maji yalikuwa chini kabisa. Angerudi pale saa kumi na moja kasorobo jioni angekuta picha ya mwenye nyumba imesimama mbele yake, maji kwenye ngazi.

Kuna jambo moja hapa ambalo wageni wengi hawaambiwi, nalo lina faida kuliko yote niliyoyaandika hadi sasa. Katika mji mmoja, bamvua huwa na saa zake zisizobadilika sana. Kama kwenye mwezi mpevu wa mwezi huu maji yalipwa saa nne na nusu asubuhi, basi mwezi mpevu ujao, na mwezi gizani pia, yatapwa karibu na saa hiyo hiyo. Na kwenye maji mafu mambo hugeuka: saa nne na nusu ile ile maji yatakuwa juu. Kwa hiyo bila kujua jina la mji unaokwenda naweza kukisia, kwa ushahidi wa rafiki yako peke yake, kwamba mkifika siku moja baada ya mwezi nusu mtakuta maji yamejaa kwenye saa tano kasorobo asubuhi, na siku ya nne yatajaa kati ya saa saba na saa nane mchana. Hizo ni saa nzuri kwa familia. Jioni yatapwa, lakini kupwa kwa maji mafu hakutawaachia jangwa.

Usilichukue kisio langu kama hati. Tafuta jedwali la maji la mji huo au la bandari iliyo karibu nao. Mamlaka za bandari na za hali ya hewa hulitoa, na programu nyingi za simu hulionyesha. Litazame kwa makini mahali pawili. Kwanza, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa. Ikiwa ni chini ya mita 2, hofu yenu ni ndogo. Kwenye fukwe nyingi za Mediterania tofauti haifiki hata nusu mita, na mtu anaweza kuishi huko miaka bila kujali mwezi. Ikizidi mita 4, maji ndiyo yatakayowapangia ratiba, mpende msipende. Kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti hiyo hufika kama mita 16, karibu kimo cha nyumba ya ghorofa tano. Pili, ujue kwamba sifuri ya jedwali haina maana ya ufuko mkavu. Ni kipimo cha kuanzia tu, kilichowekwa karibu na kiwango cha chini kabisa ambacho maji hufikia.

Na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Jedwali likiandika 07:00 maana yake ni saa moja asubuhi. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kuongoza wageni nililisoma kwa haraka, nikaona "saba", nikawaambia wageni wanane kwamba saa saba mchana maji yatakuwa yamepwa na tutatembea kwa miguu hadi kwenye fungu la mchanga. Tulifika saa saba na ndoo zetu, bahari imejaa pomoni. Tofauti kati ya saa ya Kiswahili na ile ya jedwali ni saa 6, na kutoka kupwa hadi kujaa nako ni saa 6 na dakika chache. Ukikosea kusoma hukosei kidogo, unapata kinyume kabisa. Tangu siku ile nikipata jedwali naliandika upya kwa mkono, kwa saa zetu, na kulibandika mlangoni. Nawe fanya hivyo.

Kuhusu "tope na majani", hapo namtetea mwenye ufuko. Hayo majani kwa kawaida si takataka. Ni nyasi za baharini, mimea ya kweli yenye mizizi na maua, inayoshika mchanga usichukuliwe na mawimbi na kuwahifadhi samaki wachanga. Ufuko tambarare wenye nyasi na matumbawe huonekana mbaya maji yakipwa, ila mara nyingi ndio ulio mtulivu zaidi yakijaa, kwa kuwa mawimbi huvunjikia mbali na kufika kwa watoto yakiwa yamechoka. Usikimbilie kuhamia mji wenye ufuko ambao maji hayatoki kabla hujajua kwa nini hayatoki. Mara nyingi ni kwa sababu ufuko huo ni mteremko mkali. Mchanga wa chembe kubwa hujenga mteremko mkali, na mchanga laini kama unga hujenga utambarare. Kwenye mteremko mkali wimbi halina mahali pa kuchokea. Hufika zima na kujibwaga kwenye kina cha magoti, na ndilo linalomwangusha mtu mzima kichwa chini na kumuumiza shingo. Kwa mtoto wa miaka 6 na bibi mwenye magoti, mimi nachagua tope na majani.

Nikimtaja mama mkwe wako, nadhani yeye ndiye atakayefaidi safari hii kuliko nyote, mradi apangiwe vizuri. Mchanga mkavu ni adui wa magoti: mguu unazama, kifundo kinayumba, goti linafanya kazi ya ziada kila hatua. Mchanga uliotoka majini muda si mrefu ni mgumu karibu kama sakafu, na sababu yake ni maji machache yaliyobaki kati ya chembe. Yanazivuta na kuzigandanisha, kama unavyoona kwamba huwezi kufinyanga ngome ya watoto kwa mchanga mkavu wala kwa mchanga uliomo majini, ila kwa ule wa unyevunyevu tu. Basi mtoe matembezi saa mbili hivi baada ya maji kuanza kupwa, atembee kwenye ukanda huo mgumu, mahali palipo sawa. Kwenye mteremko mguu mmoja huwa chini kuliko mwingine, na goti huanza kulalamika kabla hajafika mbali. Halafu aingie majini penye utulivu. Mtu akisimama kwenye maji ya kiunoni, maji humbebea karibu nusu ya uzito wake. Nimeona wazee waliokuja kukaa kwenye kiti wakikataa kutoka majini.

Kitakachomtesa ni boti. Kupanda boti kutoka kwenye maji ya mapajani, boti ikicheza, kunahitaji kuinua goti juu na kulisukumia uzito wote. Ulizeni kama kuna gati lenye ngazi. Kama hakuna, yeye abaki ufukweni. Na kama goti lake huvimba, hukwama likikunjwa au humwachia ghafla akitembea, aonane na daktari au mtaalamu wa viungo kabla ya safari. Mimi nafahamu mchanga na maji, goti lake sijaliona.

Sasa huyu kijana wa miaka 11.

Bwawa la shule halina wimbi, halina mkondo, lina ukuta wa kushika kila upande na sakafu inayoonekana. Anachokijua ni kuogelea. Bahari bado hajaijua, na kule kujiamini ndiko kutakakompeleka mbele kuliko mtoto asiyejua kitu. Kitu cha kumfundisha kabla hajalowesha miguu ni mkondo wa kurudi. Mawimbi yanapovunjika husukuma maji kuelekea ufukweni, na maji hayo hayawezi kurundikana pale milele. Yanatafuta njia ya kurudi, na huipata kwenye pengo kati ya mafungu ya mchanga au kwenye mlango wa miamba. Pale penye pengo pana kina, kwa hiyo mawimbi hayavunjiki, na maji yanaonekana meusi kidogo na matulivu. Unaona hatari yake? Mzazi akitafuta mahali pasipo na mawimbi pa kumwekea mtoto, jicho lake linaangukia hapo hapo.

Watu wengi huamini mkondo huu humvuta mtu chini. Sivyo. Humpeleka nje, juu juu ya maji, na mara nyingi hulegea akishapita pale mawimbi yanapovunjikia. Kinachoua ni kupigana nao. Mikondo mikali imepimwa ikikimbia zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Mwogeleaji César Cielo wa Brazili, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 50 mwaka 2009, alitumia sekunde 20.91, yaani hakufika mita 2.4 kwa sekunde, na hapo ni bingwa wa dunia kwa muda usiotimia nusu dakika. Mtoto wako hataushinda, nawe hutaushinda. Anayekamatwa alale chali aelee, apumue, ainue mkono mmoja na kuita. Mkondo ukilegea, au akijisikia ana nguvu, aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke kwenye njia yake, ndipo ageuke kurudi akisaidiwa na mawimbi. Mfanyisheni zoezi la kuelea chali kwenye bwawa kabla ya safari, tena akiwa amechoka, dakika tano nzima. Hilo lina thamani kuliko mizunguko kumi ya kushindana.

Na wewe au baba yao mkiona mtoto anachukuliwa, msirukie maji mikono mitupu. Mara nyingi mwokoaji naye hufa maji. Mtupieni kitu kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa kifuniko, au mwende na kitu hicho mkononi, huku mwingine akikimbilia mwenye boti.

Hapa niseme neno juu ya methali yetu. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa, na ndiyo sababu tunakaa ufukweni tukisubiri kusikia kelele. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo wake unazama na kuibuka, pumzi anayoipata haitoshi kuvuta hewa na kuita pia, mikono inabonyeza maji pembeni kama anayepanda ngazi isiyoonekana. Ni kimya, na ni kitendo cha muda mfupi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Kwa wa miaka 6, kumtazama maana yake ni kuwa karibu kiasi cha kumshika ukinyoosha mkono, simu ikiwa mkobani. Pangeni zamu kwa majina: "Sasa ni mimi." "Sasa ni wewe." Familia ya watu wazima watatu ndiyo inayopoteza mtoto kirahisi, kwa sababu kila mmoja anadhani mwingine anatazama.

Boya la kupuliza sasa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka baharini kuja ufukweni. Usiku nchi hupoa haraka, na upepo hugeuka, hivyo mpaka asubuhi mapema unaweza kuvuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Huo ndio watu wa bahari wanaouita umande. Umande hulaza maji ya karibu na ufuko yakawa kama kioo, na wazazi husema leo bahari imetulia. Kisha boya, ambalo ni jepesi na limejaa hewa, linashika upepo kama tanga. Mtoto anaondoka akicheka, mita kumi, mita thelathini, na mzazi anayemfuata anaogelea kuelekea kitu kinachokwenda kasi kuliko yeye. Kwenye bwawa boya ni mchezo. Baharini mnunulie jaketi la kuokolea maisha la kipimo cha uzito wake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Lijaribu kwa kumshika mabegani na kuliinua: likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Jaketi hilo litamfaa kwenye boti pia, maana boti nyingi za miji midogo hubeba majaketi ya watu wazima tu, na nahodha atakuapia kwamba "yanamtosha mtoto".

Kuna hatari moja inayohusu mji wenu hasa, wenye ufuko tambarare: kutembea hadi kwenye fungu maji yakiwa yamepwa. Ni matembezi matamu, na kama mwanao mkubwa anapenda viumbe vya baharini atayakumbuka. Lakini maji yakirudi hayarudi kwa mwendo mmoja. Yakianza ni kama hayatembei, halafu saa ya tatu na ya nne hupanda kwa kasi, na katika saa hizo mbili peke yake huingia nusu ya maji yote. Chukua ufuko ambao tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 4: katika kila moja ya saa hizo mbili maji hupanda mita nzima. Kama ufuko unainuka mita 1 kwa kila mita 100, ukingo wa maji unakuja mita 100 kwa saa, na penye vijito yanatangulia kupita nyuma yako kwenye mabonde ya mchanga wakati mbele yako bado ni pakavu. Ndivyo ilivyokuwa Morecambe Bay, Uingereza, usiku wa Februari 5, 2004: wachuma kombe wa baharini wasiopungua 21 walizungukwa na maji wakafa, na walikuwa watu wazima. Sheria ninayoitumia na wageni ni kwenda maji yakiwa bado yanapwa na kugeuka kurudi kabla hayajafika chini kabisa. Vaeni viatu vya mpira, kuna miiba na kuna taa, samaki bapa wenye mwiba mkiani, waliojificha mchangani. Ukitembea kwa kuburura nyayo, taa huondoka mwenyewe. Akimchoma mtu, au mtu akikanyaga miiba, loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, na uende zahanati. Mkojo si dawa ya chochote kati ya hivi.

Jua nitalipita haraka: mawingu hayazuii mionzi yote, na nusu mita chini ya maji bado mionzi kama asilimia 40 inafika, kwa hiyo mtoto aliyezamisha mabega hajajificha. Fulana ya mikono mirefu hushinda mafuta. Na mvua kubwa ikinyesha, kaeni mbali na mdomo wa mto na mifereji kwa siku mbili tatu, kwa kuwa uchafu wa mji mzima hupitia hapo.

Sasa upime mwenyewe. Mkienda kwenye maji mafu mtapata maji ya kuogelea asubuhi hadi mchana na mikondo iliyolegea, na mama mkwe atapata bahari tulivu. Mtakosa fungu, mtakosa mabwawa ya miambani yenye samaki wadogo, na mkubwa anaweza kulalamika. Mkienda kwenye bamvua mtapata hayo yote, ila asubuhi mtakuwa watembeaji na jioni ndiyo mtaogelea, tena mlango wa miamba utakuwa na mkondo wa kuogopwa. Mngekuwa vijana watupu ningewaambia bamvua bila kusita. Kwa msafara wenu, fikeni siku moja baada ya mwezi nusu. Na kama likizo haiwezi kusogezwa, nendeni vilevile, mkijua kwamba saa nne asubuhi ni ya ndoo na viatu vya mpira, na saa kumi na moja ni ya kuogelea.

Zahanati moja haitoshi kunifanya niukimbie mji, lakini inanifanya nipige simu. Mpigie mwenye nyumba kabla hujalipa. Muulize zahanati hufunguliwa saa ngapi, na usiku inakuwaje. Hospitali yenye oksijeni na daktari wa zamu iko umbali wa saa ngapi kwa gari, na gari hilo ni la nani saa nane za usiku? Mashine ya kutolea fedha ipo, na huwa na fedha mwisho wa juma? Mtandao wa simu unashika ufukweni, au ni mpaka upande kilima? Kuna mwokoaji ufukweni? Kama yupo, ogeleeni kati ya bendera zenye nyekundu juu na njano chini, na mkiona nyekundu tupu msiingie. Usichanganye na ile Bendera ya Buluu ambayo fukwe nyingi hujivunia. Hiyo ni tuzo ya usafi na huduma, haijui lolote juu ya mawimbi ya leo. Kama mwokoaji hayupo, muulize mwenye nyumba akuunganishe na mvuvi anayekaa hapo kwa miaka, umwombe akuonyeshe kwa kidole wapi maji huvuta. Dakika kumi za mtu huyo zinashinda barua yangu yote.

Dawa za mama mkwe zichukueni za siku zaidi ya nne. Wewe au mume wako mmoja ajifunze kwa vitendo, kwa mkufunzi wa huduma ya kwanza, namna ya kupuliza pumzi na kubonyeza kifua. Kwa aliyezama pumzi ndizo hutangulia, kwa sababu kilichompata ni kukosa hewa. Na mtoto yeyote aliyetolewa majini akiwa amemeza maji, kisha akaendelea kukohoa, kuhema haraka, kutapika au kusinzia kusiko kwa kawaida, hata kama anasema hajambo, msimlaze mkisubiri asubuhi. Mpelekeni palepale, na kama zahanati imefungwa, gari lile mliloliulizia liende hospitali.